Kibii na Ng'ombe Mwenye Dirisha

Jua la Nakuru halijapanda vizuri, na mkono wa Reuben Kibii tayari umezama ndani ya ng'ombe hadi begani. Ng'ombe mwenyewe hana habari. Anacheua taratibu, mkia ukifukuza nzi.

Ubavuni mwake kuna tundu alilotobolewa na daktari wa mifugo kwa upasuaji, na juu yake kifuniko cha mpira, kama cha ndoo. Mgeni akiliona mara ya kwanza hurudi nyuma. Mwandishi wa makala haya alirudi nyuma mpaka akakanyaga mavi.

"Usiogope, boss," Kibii anacheka. "Hasikii uchungu. Huyu ananijua kuliko bibi yangu."

Kibii, mwenye umri wa miaka 56, anachomoa konzi ya nyasi zilizotafunwa na kukamulia maji yake kwenye thamosi, kama ile ya chai, ambayo ameipasha kwa maji moto. Ndani ya maji hayo mna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndivyo vinavyomsagia ng'ombe nyasi tumboni, na vikipigwa na baridi hufa.

Shamba hili dogo la utafiti, upande wa Bahati, linajaribu kuchanganya unga wa majani ya miti ya kienyeji na chakula cha mifugo. Baadhi ya majani hupunguza vijidudu vinavyotengeneza gesi, ile ambayo ng'ombe huitoa mdomoni ikapotea na sehemu ya nguvu ya chakula chake. Lakini unga ukizidi, nyasi hukaa tumboni bila kusagika. Kwa hiyo kila kinachoingia mdomoni mwa ng'ombe hapa hupimwa kwanza.

Kwenye makaratasi ng'ombe huyu ni nambari saba. Kibii humwita Chelel, jina la ng'ombe wake mweupe wa zamani.

Kwao Kibii ni ukingoni mwa Ziwa Baringo. Alikuwa na ng'ombe kumi na wanne, hadi ziwa lilipofurika likameza malisho, kisha boma, kisha nyumba. Aliwauza mmoja baada ya mwingine, na Chelel yule wa kwanza ndiye aliyeondoka mwisho. Mkewe, Jepkemei, alikwenda kuishi kwa kaka yake huko Mogotio. Yeye akaja Nakuru, akapanga chumba mtaa wa Free Area, akapata kazi hii ya shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi.

"Watu hufikiri nataka maziwa," anasema. "Maziwa iko dukani. Mimi nataka kuamka nisikie ng'ombe anatafuna huko nje, na nijue ni wangu. Hiyo tu."

Anaposema hivyo hamtazami mtu. Anamtazama Chelel.

Utafiti unaisha mwezi ujao na ng'ombe wote watauzwa. Wengine watapata wakulima wa kuwanunua. Chelel, na tundu lake, hana wa kumtaka.

"Nani atanunua ng'ombe ako na shimo? Ni bucha tu," anasema Kibii. Ameomba auziwe yeye, alipe polepole. Ombi liko kwa wakubwa, na jibu halijarudi.

Dkt. Sue Wariara, anayesimamia utafiti, anasema amemuunga mkono, ingawa uamuzi si wake. Anamsifu kwa kazi, kisha anakumbuka kisa kimoja na kutabasamu.

Chelel alikuwa kwenye kundi lisilopewa unga wala kitu kingine isipokuwa nyasi kavu. Nje ya ua, nyasi mbichi zilikuwa zimestawi, na kila upepo ulipovuma aliinua kichwa kuelekea huko. Jumapili moja Kibii alishindwa kuvumilia, akamkatia mzigo mzima. Jumatatu Dkt. Wariara akafungua kifuniko, akakuta tumbo limejaa kijani.

"Nikamuuliza, 'Mzee, hii ni nini?' Akaniambia labda ni upepo," anasimulia Dkt. Wariara. "Nikamwambia, huo upepo uko na panga?"

"Nilisikia aibu sana," Kibii anakiri. "Huyu huwezi kumpa kitu kwa siri. Ikabidi niombe msamaha."

Vipimo vilianza upya. Utafiti ukasogezwa mbele majuma kadhaa, na siku ya kuuza ng'ombe ikasogea nao. Kibii aliliona hilo upesi: konzi nyingine ya nyasi, na Chelel angebaki tena.

"Hiyo mawazo ilinijia, siwezi danganya," anasema. "Kila asubuhi napita kwa fensi, nyasi iko, panga iko. Lakini daktari alinisamehe. Na kuna wakulima wanangoja haya majibu, hata shemeji yangu."

Kwa hiyo hupita tu.

Huko Mogotio, shemeji huyo amewapa kipande cha malisho, na Jepkemei amekwisha kuzungushia boma miiba. Boma ni tupu. Juzi alimpigia mumewe simu akamwambia, "Ukikuja peke yako, usiniambie habari ya huyo ng'ombe tena."

Kibii anafunga thamosi, anarudisha kifuniko cha ubavuni na kukipangusa kwa kitambaa. Daktari wa mifugo amemwambia tundu linaweza kuzibwa. Anauacha mkono wake mgongoni mwa Chelel kwa muda, kazi ikiwa imeshakwisha.

"Akikuwa wangu, kitu ya kwanza ni hiyo nyasi ya fensi," anasema. "Ale ashibe. Na hakuna mtu atafungua kuangalia amekula nini."