Siku Wakili Aliposhinda

Msusi mmoja watu walimpachika jina la Wakili, naye hakulikataa. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kioo kimoja na benchi lisilokauka watu. Wengine walikuja kusuka, wengine kusikiliza tu. Mke na mume wakizozana, waliishia pale, naye, chanuo likiwa mdomoni, aliwaacha waseme mpaka waishiwe.

Shule hakwenda nayo mbali, ila watu aliwajua. Siku moja mwalimu mmoja, ambaye nywele zake za mbele zilikuwa zikinyofoka, aling'ang'ania asukwe rasta nyembamba za kubana.

"Zitakupendeza," Wakili alimwambia. "Una uso wa rasta."

"Si ndiyo! Basi anza."

"Zile za mwezi uliopita, usiku wa kwanza ulilala vizuri?"

"Nilale wapi? Nilimeza vidonge viwili vya kichwa!"

Wakili akaendelea kuchambua nywele taratibu. Mwalimu akajitazama, akajipapasa panja.

"Unajua nini, dada? Nisuke mabutu tu, hayavuti. Nimeamua mwenyewe."

"Umeamua vyema," alisema Wakili, na benchi zima likaangua kicheko.

Mwalimu alipoondoka, wakamuuliza siri yake. Akasema, "Mtu mkubalie kwanza pale alipopatia. Kisha muulize, usimwambie. Na kosa lake usilitoe mbele za watu. Hata likiwa kweli, hatasikia ukweli, atasikia aibu."

Laiti angejisikiliza.

Mama yake Wakili alianza kusahau. Aliishi kwa binti yake wa mwisho, mpishi wa shule, ambaye mama alimwita Mziwanda tangu utotoni. Alasiri moja Mziwanda aliingia kibandani akiwa amekunja uso, akasubiri wateja waishe, kisha akalia mpaka kwikwi. Alikuwa ameenda bombani mara moja tu. Aliporudi, mama alikuwa ameweka kiganja juu ya jiko la moto.

"Dada, usimwambie mtu. Nitaonekana nimemtelekeza."

"Limeishia hapa," Wakili alimwambia, akimfuta machozi kwa kanga yake. Na alimaanisha.

Miezi mitatu baadaye kaka yao, fundi bomba, aliwaita dada zake wawili kikao: mama akae wapi? Alikuja na mkewe na shangazi yao. Wakili alitaka mama ahamie kwake, karibu na zahanati. Alimpenda mama yake, hilo Mungu ni shahidi. Lakini Mziwanda naye alizungumza vizuri, bila papara.

"Mama amenizoea. Anajua choo kilipo, anajua sauti yangu. Mkimhamisha atapotea zaidi."

Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Kaka naye akasema, "Hapo umesema." Wakili akahisi kikao kinamponyoka, jambo ambalo hakulizoea. Ulimi ukamtangulia.

"Anakujua, sawa. Na mkono wake uliungulia kwa nani? Si ulikuja kunililia mwenyewe?"

Mziwanda alimtazama dada yake kama mtu aliyepigwa na mkono aliokuwa ameushika. Akainuka, akaenda kufunga nguo za mama.

Jioni ileile mama alihamia kwa Wakili. Alikuwa ameshinda.

Kila asubuhi mama alikaa kitandani akauliza, "Mziwanda wangu yuko wapi?" Akipewa chai, alisema atamsubiri. Wakili akapiga simu, haikupokelewa. Mganga wa zahanati akamwambia taratibu, "Kama kuna mtu anayetaka kumwona akiwa bado anamtambua, asichelewe."

Basi akafunga kibanda, akaenda hadi jikoni mwa shule. Mziwanda alikuwa akikoroga sufuria la maharage kwa mwiko mrefu kama jembe.

"Shikamoo, dada," alisema bila kugeuka. Heshima hakuiacha hata katika hasira.

"Marahaba, mdogo wangu. Una haki ya kukasirika..."

"Umeanza. Unanikubalia kwanza. Sasa uliza swali."

Wakili akababaika. "Mama anakuulizia kila siku. Huoni huruma?"

Mwiko ukasimama.

"Unaona? Hata mama umemfanya hoja. Mimi sikukuletea ushahidi, dada. Nilikuletea uchungu wangu."

Wakili alirudi kwa miguu, na njiani alimwomba Mungu kitu kimoja tu: ulimi mzito. Kesho yake akawaita kaka, wifi na shangazi, akasimama mbele yao.

"Lile la mkono niliambiwa kwa siri, nikalitumia ili nishinde. Mziwanda hakumtelekeza mama. Aliyekosa ni mimi."

Hakuongeza "lakini". Kaka yake alitazama chini. Shangazi ndiye aliyempelekea Mziwanda habari.

Wiki tatu zikapita. Jumapili mchana mlango ukagongwa. Alikuwa Mziwanda, na chungu kidogo cha supu kilichofunikwa kwa kitambaa. Wakili akampisha.

Mama alikuwa dirishani. Ilikuwa siku ya tano hajamuulizia mtu yeyote. Aliinua macho, akatabasamu kwa adabu.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Wakili alifungua kinywa. Alikuwa na maneno, tena mengi: mama, huyu ndiye, mtazame vizuri, kumbuka. Akakifunga, machozi yakimshuka shingoni.

Mziwanda akapiga magoti, akapuliza kijiko cha kwanza.

"Si mbali sana, mama. Mimi ni mpishi. Nimekuja kukulisha."

Mama akanywa, akasifu chumvi, akampapasa shavu kwa kile kiganja chenye kovu.

"Mungu akubariki, binti. Una mama, wewe?"

"Ninaye," alisema Mziwanda, akachota kijiko kingine.