Sekunde arobaini za upande mmoja

Saa mbili asubuhi fundi anafungua mlango wa mashine ya kukaushia matunda, anaingiza pua ndani na kunusa.

"Nanasi," anasema, na kuanza kupangusa trei kwa mara ya tatu.

Mkewe amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni. Mashine ni yake, na kazi ya kukausha matunda ni yake. "Nimeiosha tangu jana," anasema. "Unadhani mimi nakausha samaki?"

"Mama, kanda haitaki hata harufu."

"Basi ungeoa kanda."

Fundi anatabasamu bila kugeuka. Anaweka juu ya trei gurudumu la kanda lenye upana wa sahani ya chakula, anafunga mlango na kuzungusha kitufe hadi nyuzi hamsini na nne. Kisha anainamisha kichwa na kusali kidogo. Akimaliza, anavuta kigoda. Mashine itafanya kazi kwa muda wa saa nane, naye hataondoka.

Ndani yake imo kanda halisi ya "Maji Shingoni", albamu ya rege iliyorekodiwa miaka thelathini na minane iliyopita. Santuri zake zilikwisha madukani zamani, na waliobaki nazo hawaziazimishi hata kwa ndugu. Sasa kampuni moja ya muziki inataka kuitoa upya, ikaileta kanda kwa mtu pekee wa hapa mwenye ujuzi wa kuifungua.

Gundi ya kanda za zamani hufyonza unyevu, anaeleza. Ukiicheza hivyo hivyo, sauti hubanduka na kubaki kwenye mashine kama masizi. Joto dogo huishikisha tena, lakini kwa siku chache tu. Katika kanda sitini na moja alizokausha, mbili zilimfia mikononi.

Fundi ana umri wa miaka hamsini na tisa. Studio alikofanya kazi ujanani ilipofungwa, aliishi miaka kumi na sita kwa kutengeneza pasi na feni za majirani. "Mlo wa uhakika ulikuwa mmoja kwa siku," anasema. "Mwingine ulikuwa wa imani."

Kinachosubiriwa zaidi katika kanda hii ni wimbo wa mwisho. Kwenye santuri hakukuwa na nafasi, kwa hiyo unafifia katika dakika ya nne. Studioni wanamuziki waliendelea hadi ya saba, na katika dakika hizo tatu mpiga kinanda alibaki akipiga peke yake. Mpiga kinanda huyo alikuwa mdogo wa mwimbaji wa albamu. Alifariki mwaka uliofuata, na hakuna mahali pengine alipokuwa amerekodiwa akipiga peke yake.

Jambo ambalo kampuni haikulijua, fundi alilijua siku zote.

Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, wiki ya tatu kazini. Studioni, kanda iliyokwisha kurekodiwa huhifadhiwa ikiwa mkia nje, yaani mwisho wake ndio unaoonekana. Anayetaka kuisikiliza lazima kwanza airudishe nyuma. Siku hiyo mkubwa wake alimtuma achukue kanda tupu ajaribie tangazo la sabuni. Akachukua boksi lisilo na maandishi usoni, akadhani ncha ya nje ni mwanzo, akaipachika na kurekodi.

"Baada ya sekunde arobaini nikaligeuza boksi," anasema. "Maandishi yalikuwa nyuma. Nikaona jina la wimbo wa mwisho, na mimi niko juu ya mwisho wake."

Aliirudisha rafuni, hakumwambia mtu. Hakuwahi kusikiliza ameharibu nini.

"Nilikuwa nimesali miaka mitatu nipate kazi ile. Baada ya siku hiyo nikaanza kusali kanda ipotee." Anaangalia mlango wa mashine. "Mungu hakuipoteza. Aliileta mpaka nyumbani kwangu."

Wiki iliyopita, kabla ya kuigusa, alikwenda kwa mwimbaji kumweleza yote. Mwimbaji ana miaka sitini na sita na siku hizi ni mshonaji. Alikuwa akipinda upindo wa sare ya shule. Alimsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho.

"Kwa hiyo zile shikamoo zako zote," akasema hatimaye.

"Zilikuwa za kweli, dada."

"Zilikuwa nyingi mno. Nilikuwa najiuliza, huyu ana nini na mimi." Akakata uzi kwa meno. "Ikauke. Lakini usiicheze mpaka nimefika."

Asubuhi ya pili kanda imepoa. Mwimbaji anakaa katikati ya spika mbili, mkoba mapajani. Fundi anapachika kanda, safari hii anairudisha nyuma kwanza, taratibu, kwa mkono.

Wimbo wa mwisho unaanza. Dakika ya nne inapita, haufifii. Ngoma inapungua, gitaa linanyamaza, kinanda kinabaki. Mwimbaji amefumba macho.

Sekunde arobaini kabla ya mwisho, spika ya kulia inaanza kubwabwaja. Ni mtu wa tangazo la sabuni, akisema kinyumenyume, maana alirekodiwa kuanzia mwisho wa kanda. Kinanda kimekatika. Fundi ananyoosha mkono kuzima.

"Acha," anasema mwimbaji.

Kanda ina njia mbili, ya kulia na ya kushoto, na mashine ya matangazo iliandika juu ya moja tu. Kinanda kilikuwa kwenye hiyo iliyofutwa. Nyingine ni ya maikrofoni ya mwimbaji, ambayo hakuna aliyeizima. Fundi anaifunga spika ya kulia. Katika ya kushoto kinanda kinasikika tena, kwa mbali, kama kinapigwa chumba cha pili. Karibu zaidi kuna sauti ya mwanamke anayeimba chini chini, bila maneno.

"Kumbe nilikuwa naimba naye," anasema mwimbaji. "Sikumbuki kabisa."

Kanda inakwisha, ncha yake inapiga pa, pa, pa. Fundi anazima mashine. Mwimbaji anafuta uso kwa kiganja.

"Yuko mbali," anasema, "lakini yuko."

Kampuni ilipendekeza kwa simu kwamba wimbo ukatwe kabla ya sekunde hizo. Mwimbaji alikataa. "Mtu hakatwi kwa kuwa amesogea mbali," aliwajibu. Alitoa sharti moja tu: jalada liwe na maelezo, wanunuzi wasije wakadhani spika zao zimekufa. Na ayaandike fundi mwenyewe.

Jalada linakwenda kiwandani Ijumaa. Fundi ameshajaza kurasa tatu za daftari na kuzifuta. Ya kwanza, mkewe aliisoma akasema ni ndefu kama risala ya msibani.

Anatumaini hii ya nne mwimbaji ataikubali. Anaisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno:

"Sekunde arobaini za mwisho zinasikika upande wa kushoto tu. Upande wa kulia niliufuta mimi. Tafadhali usiongeze sauti. Sogea karibu."