Binti wa Moinaecha

Eufrazia Kobero alikuwa mjane kutoka Matombo, kijiji cha milimani, mama wa wavulana wawili ambao wote walikwisha kuhamia Dar es Salaam. Mmoja alifanya kazi bandarini. Wa pili hakuna aliyejua vizuri anafanya nini. Binti hakujaliwa. Kwa Waluguru jambo hilo si dogo, maana mtoto hufuata ukoo wa mama yake, lukolo kama wenyewe wanavyouita, na nyumba isiyo na binti huonekana imefika mwisho hata ikiwa na wavulana wa kujaza kanisa. Shamba la migomba na mdalasini alilorithi kwa mama yake lingekuja kwenda kwa watoto wa dada zake. Alilijua hilo tangu zamani, akalizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

Ilikuwa ile miaka ambayo serikali iliacha kushika kila kitu peke yake. Watu binafsi wakaruhusiwa kufungua maduka ya dawa, kuendesha mabasi, hata kujenga shule. Mwalimu Raphael, aliyestaafu ualimu wa serikali, akajenga sekondari ya wasichana kule Bigwa, chini ya mlima kabisa, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka mpaka madirishani. Akamwajiri Eufrazia awe matroni wa bweni.

Shule haikuwa na jina kubwa, lakini karo yake ilikuwa nafuu na sifa zake zilifika mbali kuliko mwenyewe alivyotegemea. Wakaja wasichana wachache kutoka Zambia na Malawi. Kisha, kutoka kisiwa cha Ngazija, ng'ambo ya bahari, akaja Zalhata. Alikuwa mwembamba, mkimya, na mama yake alikuwa amefariki. Aliletwa na ami yake, mfanyabiashara wa vitambaa pale Kariakoo, ambaye alilishusha sanduku, akamwambia Eufrazia, "Dada, huyu ni amana," akaondoka kuwahi basi.

Kiswahili cha Zalhata kilikuwa karibu na cha wenzake, ila maneno yake yalikuja yamevaa nguo nyingine, na bweni zima lilimcheka. Eufrazia hakucheka. Na yeye aliposhuka mjini mara ya kwanza watu waliicheka lafudhi yake ya milimani, na hakuwa amesahau.

Likizo ya kwanza ilipofika, ami yake alikuwa safarini Dubai kufuata mzigo. Bweni lilifungwa, mtoto hana pa kwenda. Eufrazia akampandisha lori la ndizi, akaenda naye Matombo. Huko Zalhata alijifunza kubandua maganda ya mdalasini bila kuyavunja, akajifunza kuteremka njia za utelezi akiwa na ndoo kichwani, akaanza kujibu salamu za Kiluguru kwa sauti ile ile ya kuvutavuta. Jumapili Eufrazia alipokwenda misa, mtoto alibaki akipika, na aliporudi alikuta chakula kimefunikwa na uani kumefagiwa.

Watu wakauliza, "Huyu wa nani?"

"Wangu," Eufrazia alijibu, akicheka.

Likizo iliyofuata walikwenda tena, na ile iliyofuata pia. Jibu likabaki lile lile. Kicheko ndicho kilichopungua, mpaka siku moja akalisema neno hilo bila kucheka kabisa, na mwenyewe akashtuka.

Ndipo zikaja habari kutoka wizarani. Shule binafsi moja, mkoa mwingine, ilikuwa imepokea karo za watoto kutoka nje ya nchi kisha ikafunga milango, watoto wakabaki barabarani na masanduku yao. Kwa hiyo kila shule yenye wanafunzi wa kigeni ilitakiwa kuomba kibali upya na kulipa ada ya usimamizi kila mwaka, pamoja na nyongeza kwa kila mwanafunzi mgeni, ili wakaguzi wapate uwezo wa kuzifuatilia shule hizo.

"Serikali haijakosea," Mwalimu Raphael aliwaambia walimu wake. "Ila wamekata nguo kwa kipimo cha mtu mnene, nasi tumekonda. Hatuiwezi."

Wasichana wa Zambia na Malawi wakahamishiwa shule kubwa za Dar es Salaam. Akabaki Zalhata peke yake, ami yake akiwa bado anahangaika kumtafutia nafasi. Siku hizo Mwalimu Raphael akamwita Eufrazia ofisini.

"Matroni, mtoto huyu anaongea kama amezaliwa Matombo. Tukimwandikisha kama binti yako, hatakuwa mgeni tena. Nani atauliza?"

Eufrazia alishika ukingo wa meza. "Na ami yake?"

"Anasema bora mtoto asome."

Alitakiwa kukataa, na alijua kwamba anatakiwa kukataa. Lakini moyo wake ulikwisha kutangulia. Alikwisha kumwona Zalhata akiwa mtu mzima, anapita katikati ya migomba na mtoto mgongoni, na nyumba ya Kobero inaendelea.

"Nitazungumza naye," akasema.

Alimkuta bombani anafua. Akainama kumsaidia kukamua shuka, mmoja huku, mwingine kule, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Jina angejichagulia mwenyewe. Wangeendelea kuishi kama wanavyoishi.

Zalhata alikamua mpaka tone la mwisho. "Na mama yangu ataitwa nani?"

"Mimi, mwanangu."

"Namuulizia yule mwingine."

Eufrazia akaitandaza shuka kwenye kamba, akainyoosha, akainyoosha tena ingawa ilikuwa imenyooka.

Hata hivyo Mwalimu Raphael alimwandika kwenye rejista kwa jina jingine, kama binti wa matroni. Mkaguzi aliyekuja alikuwa mama mmoja mtaratibu, Bi Shadya. Aliingia darasa moja baada ya jingine, akaangalia madaftari, akauliza wasichana habari za chakula na maji. Alipofika kwa Zalhata akasimama. Hakuwa na shaka yoyote. Alitaka kuzungumza tu. Eufrazia alikuwa mlangoni pamoja na Mwalimu Raphael.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Zalhata."

Mwalimu Raphael akatazama chini.

"Jina zuri. Na mama yako?"

Msichana akamtazama Eufrazia. Wala hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayeomba ruhusa, kisha kama mtu aliyeamua kutoingoja.

"Moinaecha, wa Ngazija. Alifariki. Kwetu mtoto ni wa mama yake, hata kama hayupo."

Eufrazia alihisi uso unamchoma. Lakini chini ya aibu ile kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi: hakuna Mluguru ambaye angeweza kubishana na jibu lile. Mama yake Eufrazia angelisikia, angempa mtoto mkono.

Bi Shadya hakupandisha sauti. Ofisini alimwambia Mwalimu Raphael, "Ada hii tumeiweka kwa ajili ya watoto kama huyu. Ukimficha, siku akipata shida nani atajua kwamba yupo?" Akawapa mpaka mwisho wa muhula kumhamisha mtoto.

Ami alipata nafasi katika shule moja ya Dar es Salaam, akaja na pikapu. Eufrazia alikwisha kufunga ndizi, mdalasini na magimbi, mizigo ya kulisha bweni zima. Zalhata alimkumbatia kwa muda mrefu, hakuna aliyetaja yaliyopita, na gari likateremka kuelekea Msamvu.

Mwaka uliofuata Eufrazia alikwenda Dar es Salaam siku ya wazazi kutembelea. Zalhata alikuwa amerefuka, anacheka kwa sauti, na maneno ya mjini yamemkaa mdomoni. Alimkimbilia, akampigia magoti, "Shikamoo, mama," akamvuta kwa rafiki zake. Alitaka habari zote za Matombo: nani kaolewa, mbuzi wa jirani bado anaiba mihogo? Waliongea mpaka kengele. Wakati wa kurudi, basi liliposimama Mikese, abiria wakashuka kununua machungwa. Eufrazia alibaki kitini, akaitazama milima inayokaribia, akatamani basi lichelewe kuondoka.

Zalhata alimaliza masomo akarudi Ngazija. Barua zilikuja chache, kisha moja ya kusema ameolewa. Baadaye ami akauza duka, na njia ya habari ikafungika.

Eufrazia alipoacha kazi alirudi Matombo. Shamba analilima na Joyce, binti wa dada yake, ambaye atalirithi, na wanapatana vizuri. Lakini jioni nyingine, kazi ikiisha, hupanda hadi kwenye jiwe lililo juu ya shamba, ambako milima inafunguka na kuachia tambarare ya mashariki. Anajua kwamba bahari haionekani kutoka pale.

"Mama mkubwa, unatafuta nini huko?" Joyce huuliza.

"Naangalia kama kuna mvua," hujibu, na hukaa mpaka kiza kinaanza kuingia.