Ziwa la Muyisa na Magimbi ya Kanyere

Kanyere alitumia miaka kumi na saba kung'oa matete katika bonde lililo upande wa Musienene, ukitoka Butembo. Alichimba mifereji mpaka jembe lake likalika na kubaki kama kijiko. Maji yakatoka, maharage yakaingia. Mume wake alikuja kuyaangalia mavuno mara mbili, kisha akahamia Beni kwa mwanamke asiyenuka tope.

Mwaka ule waasi walipokuwa wanaasiana wenyewe kwa wenyewe, Muyisa, tajiri wa vitenge, alipata karatasi yenye mihuri mitatu. Ilisema bonde lile ni bwawa tupu, halijawahi kulimwa na mtu. Mihuri iligongwa maharage ya Kanyere yakiwa yanachanua.

Muyisa alitaka ziwa katikati ya bustani yake. Si kidimbwi cha samaki chenye pembe nne kama cha kila mtu, bali ziwa la kuonekana kama Mungu alilimwaga pale akaenda zake. Alimleta Paulin, fundi wa bustani aliyesomea Kinshasa. Paulin alishinda akipindapinda kamba ili ukingo uende ovyo. Wachimbaji, waliozoea vidimbwi, waliunyoosha kila alipogeuka. Kisha wakaziba mifereji yote ya Kanyere.

Kanyere akaenda kwa chefu Mathe, mwenye ardhi kwa desturi.

"Chefu, ile ni shamba yangu. Unaiyua."

"Mama Kanyere, nitakuya siku ya sherehe. Nikiona shamba, ni ya kwako. Nikiona bwawa, donc ni bwawa."

Chefu alisema hayo akiwa ndani ya kitenge kipya kabisa.

Basi kazi yote ikawa hiyo: kulifuta shamba machoni pa watu. Lakini kila kitu Paulin alichopanda ukingoni kilioza. Aliuliza nani anayejua maji ya pale, akaonyeshwa Kanyere. Naye akakubali kazi, watu wakamcheka kwamba analipwa kuzika shamba lake.

Alipanda magimbi ukingo mzima.

"Mama, hapana panda kwa mustari!" Paulin alilia. "Nature haina mustari!"

"Lakini majani yake ni makubwa, enjenia. Angalia."

Paulin aliangalia, akalainika. "Kweli, ni mazuri. Kule Ulaya banayapanda kwa uzuri tu."

"Habakule?"

"Habakule."

"Maskini," alisema Kanyere, akaendelea kupanda.

Kujaza maji na kuotesha nyasi kulichukua miezi tisa, na magimbi hayakuwa na haraka. Siku ya sherehe walikuja makomanda, wake zao, na chefu Mathe.

"Chefu, tangu uumbaji, hapa ni hivi hivi," alisema Muyisa.

Kanyere akakunja kitenge, akaingia majini mbele ya wote, akang'oa magimbi manne manene kama vichwa vya watoto. Akapiga goti na tope lake. Kwa desturi, mavuno ya kwanza hupelekwa kwa mwenye ardhi, naye akiyapokea kwa mikono miwili amemkubali mkulima.

"Chefu, mavuno ya shamba yangu."

Chefu alimwangalia Muyisa. Kisha akawaangalia wanawake waliosimama nje ya ua, wote wakulima wake. Akikataa haya, nani atamletea kuku msimu ujao?

Akapokea kwa mikono miwili.

"Chefu, hiyo ni mapambo tu!" Muyisa alipiga kelele.

"Mapambo gani? Miye naona chakula."

Ndivyo kesi ilivyokatwa: maji ya Muyisa, ukingo wa Kanyere, kuzunguka kote. Jumapili, tajiri akikaa na wageni kutazama ziwa lake la asili, Kanyere hufika na jembe na kupita katikati yao. Wageni huvuta viti nyuma. Yeye huwaambia wavute tena kidogo.