Koti la Shemeji Chuoni

Wiki jana nilikwenda chuo kimoja cha ufundi mtaani Kimemi kuchagua masomo. Niliacha shule darasa la tano, nikabeba vitunguu Alimbongo, nikaendesha pikipiki ya abiria Beni, na bado nataka kujua kila kitu. Dada yangu alinisihi nichague kazi moja kabla sijazeeka, akaniazima koti la ofisini la mume wake.

Nilipoingia darasa la ushonaji, wanafunzi wote walisimama. Nikasema moyoni, hawa wana adabu. Mwalimu akanipa kiti chake, nami nikamuuliza maswali hadi akatoka jasho. Kisha nikaenda darasa la kuchomelea vyuma, na zile cheche zikaniteka.

"Mutu asiye na diplôme anaweza kuwa hapa?" nilimuuliza mwalimu.

Alisimama wima kama mbele ya mkubwa. "Hapana, chef. Hapa bote beko na diplôme."

Nilivunjika moyo: wote wana cheti, mimi sina. Lakini mkuu wa chuo aliniita bureau, ofisini kwake, walimu wamejipanga ukutani, soda mezani. Nilikunywa, nikidhani kila mwombaji hupewa.

"Chef, umeona yote," mkuu alisema kwa upole. "Umeamua nini?"

"Nimeamua kuchomelea. Mais diplôme sina. Mutanipokea?"

Mkuu aliinuka kitini.

"Donc wewe hapana inspecteur tunayengojea tangu asubuhi?" aliuliza. Kumbe lile koti lilikuwa limenifanya mkaguzi.

Mwalimu wa kuchomelea ndiye aliyecheka kwanza, akamgeukia mkuu. "Mumupokee tu, préfet. Inspecteur wa kweli hajaniulizaka vile."

Mkuu alikuwa anaitazama chupa ya soda ya inspecteur, nami nilikuwa nimeimaliza.