Mwenye Nyumba

Kila nikikata mchaichai, harufu yake hunirudisha barazani kwa bibi, mama yake mama, kule mlimani Uluguru enzi za Mjerumani. Alasiri sote tuliotoka shamba tuliketi mkekani tukila magimbi ya moto, naye bibi akitumiminia chai ya mchaichai yenye asali.

Alasiri moja akatokea akida, mtu wa pwani aliyewekwa na Wajerumani atutawale, na nyuma yake askari mwenye kiboko. Hata hodi hakupiga. Akamwuliza babu, "Wewe ndiye mwenye nyumba?"

Babu akacheka. "Mimi nimeoa tu hapa, bwana. Hata kikombe hiki si changu."

Akida akavimba, akidhani anafanyiwa mzaha. Askari akakikunjua kiboko. Sisi watoto tuliacha kutafuna.

Bibi hakuinuka. Alijaza kikombe, akamnyooshea akida. "Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, mwanangu. Mwenye nyumba ndiye huyu anayekumiminia chai. Keti unywe."

Akaketi.

Siku hizi mgeni akiuliza mwenye nyumba ni nani, mume wangu huonyesha tu birika lililo mkononi mwangu.