Popo wa Nyumba ya Babu

Niliondoka Morogoro na begi moja. Nililala Arusha, nikavuka mpaka Namanga, nikalala tena Nairobi, na mpaka hapo nilikuwa bado mtu mwenye furaha. Furaha ilianza kuniishia Embu. Choo cha stendi pale kilikuwa na mtu wa kupokea sarafu mlangoni lakini hakikuwa na maji, na nilichokikuta ndani sitakieleza, isipokuwa niseme kwamba nilitoka nimekanyaga. Baada ya Embu barabara inashuka mitoni na kupanda tena, kona juu ya kona, na mzee wa suti aliyekaa kando yangu akatapika ndani ya kofia yake. Alipomaliza aliikunja vizuri, akaisukuma chini ya kiti, upande wangu.

"Unashukia Chuka ama unafika Meru?" akaniuliza kwa adabu.

"Meru. Kwa babu yangu."

"Huongei kama mtu ya Meru."

"Nimezaliwa Tanzania."

"Haya," akasema, akipangusa mdomo. "Basi karibu nyumbani."

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu na sikuwahi kutulia popote. Nimekuwa utingo wa malori Tunduma, nimeuza mitumba Lusaka, nimelinda maghala Beira. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na baada ya hapo miguu ndiyo iliyonisomesha. Lakini kila mji niliofika nilikwenda na nyumba moja kichwani, nyumba ambayo sikuwahi kuiona: ya mbao za mtarakwa, aliyoijenga baba mzazi wa mama yangu juu ya mji wa Meru, karibu na msitu. Mama alinilea kwa habari za nyumba ile. Nilijua dirisha lipi linatazama mlima, ubao upi unalia ukikanyagwa. Nilijua kwamba mvua ikinyesha mbao zinatoa harufu, na mtu analala kama amewekwa ndani ya sanduku la nguo safi.

Mama aliolewa na dereva wa Kitanzania, na babu akamwambia kwamba akivuka mpaka na mgeni yule asilale tena chini ya bati lake. Hakulala. Babu alikufa, bibi akafuata, mama akazeeka. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu aliniambia, "Nataka nikalale kwa baba kabla sijaacha kuona. Usiku mmoja tu, chumbani kwangu, ninuse zile mbao." Mjomba wangu, mdogo wake mama, alisema kwa simu kwamba yeye hana neno, dada yake aje, ila nyumba imechoka sana na mtu aje airekebishe kwanza. Hivyo nikaenda.

Mjomba alikuwa mzee wa kanisa, mtu safi wa kupiga pasi hata soksi. Alikuwa amejijengea nyumba ya mawe mita chache kutoka ile ya babu, na ile ya babu akaifanya stoo. Alipofungua mlango nilirudi nyuma. Sebuleni palikuwa na magunia ya mahindi yaliyooza, yameota ukungu wa kijani na kushikana kama mkate. Kuku walikuwa wakilala kwenye chumba cha mama. Kinyesi chao kilikuwa kimepanda mpaka kwenye kizingiti cha dirisha lile linalotazama mlima. Kuta za jikoni zilikuwa na masizi ya miaka yote, yanayonata. Niliweka kiganja ukutani na mkono wangu ukanuka mafuta ya zamani mpaka siku ya tatu.

Na juu kulikuwa na popo. Dari la zamani lilikuwa la mbao laini, limebonyea katikati kama tumbo la ng'ombe, lina madoa ya kahawia yenye pete. Ukisimama kimya uliwasikia wakikwaruza. Harufu ya mkojo wao ilikuwa kali, ya kuchoma macho. Hapakuwa na mtarakwa popote ndani ya harufu ile.

"Ni stoo tu," mjomba akasema. "Mtu wa maana halali kwa mbao siku hizi."

Fundi alinitafutia yeye mwenyewe, muumini mwenzake. Alikuwa mwanamume mcheshi, mrefu, mwenye meno ya kahawia, na alianza kunipenda kabla hatujasalimiana.

"Baite!" akaniita, kama wanaume wa huko wanavyoitana. "Nasikia wewe unaongea kama redio. Sema kitu."

"Nataka dari lote la zamani lishushwe, uchafu utolewe, na kuta zikwanguliwe masizi mpaka ubao uonekane."

"Ona sasa! Habari ya saa mbili hiyo." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akatazama juu, akatazama kuta, akasema neno nililokuja kulichukia kuliko matusi: "Tutafunika."

Kila kitu kwake kilikuwa cha kufunikwa. Masizi yangefunikwa na rangi. Ubao uliooza ungefunikwa na ubao mzima. Tundu la panya lilifunikwa na kipande cha bati, na panya alikuwamo, tulimsikia. Nilipomwambia kwamba ugonjwa haufunikwi kwa shuka alinijibu kwa upole, kama anayemfundisha mgeni kula: "Baite, kwani nani atabandua aangalie?"

Nilikwangua kuta mwenyewe. Kwa wiki kadhaa nilikwangua kwa brashi ya waya na maji ya moto yenye sabuni, na masizi yalinitiririkia kwapani yakiwa uji mweusi. Nilikohoa vitu vyeusi. Lakini nilipofika mwisho wa chumba cha mama, ubao ukatokea, mwekundu, wenye mistari mizuri, na mchana mmoja jua lilipoupiga nilisogeza pua na kwa mara ya kwanza nikaisikia harufu aliyonisimulia. Ilikuwa kidogo sana. Nilikaa chini kwenye kinyesi kilichobaki nikacheka peke yangu.

Fundi alifanya kazi yake asubuhi, na aliifanya kwa haraka na nguvu. Lakini baada ya saa nane hukumpata. Saa hiyo magari ya miraa kutoka mji wa Maua yalikuwa yakishusha mzigo njia panda ya Makutano, na yeye na wenziwe walikwenda kuchukua vifurushi vyao vilivyofungwa kwa majani ya mgomba, wakakaa nyuma ya duka moja kutafuna. Asubuhi alirudi na shavu bado limetuna, akitema mate ya kijani kwenye sakafu niliyoisugua jana. Alitema hata alipokuwa akizungumza habari za Mungu.

Tatizo la popo lilikuwa hapo. Popo hutoka wakati wa magharibi. Matundu yao chini ya bati yanapaswa kuzibwa giza linapoingia, wakiwa wamekwenda, siyo mchana wakiwa wamelala. Nilimweleza fundi jambo hili mara nyingi.

"Jioni moja tu," nikamsihi. "Wakitoka wote, unaziba. Asubuhi tunashusha dari na takataka zake."

Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Baite, jioni mimi siko hii dunia."

"Basi nitaziba mwenyewe."

"Ukianguka na ngazi, mjomba yako ataniuliza. Wacha. Nitafanya. Wewe enda ulete shosho, huyo mama yako."

Nilikwenda Morogoro, kwa sababu mama alikuwa amepewa siku ya mwisho ya kliniki ya macho na baada ya hapo daktari angemruhusu kusafiri. Kabla ya kuondoka nilimpeleka fundi nje, nikamwonyesha kila tundu kwa kidole, na akaapa.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mjomba alikuwa ameshatangaza maombi. Kule nyumba haiingiwi hivi hivi. Mchungaji anakuja, majirani wanakuja, mbuzi anachinjwa, ndipo inafunguliwa. Alinipigia nikiwa Morogoro, sauti imejaa fahari. Ametangaza kanisani kwamba dada yake aliyepotea anarudi, na Jumamosi watu wote watakuwa pale. Nikamuuliza dari limefika wapi. "Imeisha," akasema. "Ni nyeupe kama theluji ya huo mlima."

Tulifika Ijumaa jioni. Mama alikuwa amechoka, miguu imevimba, lakini alipoteremka alinyoosha shingo akiitafuta nyumba kwa macho yake ya ukungu. Mjomba akasema haingii leo. Nyumba haijaombewa; leo atalala kwake, kwenye nyumba ya mawe. Mama alikubali. "Nimengoja miaka yote hiyo," akasema, "nitashindwa kungoja mpaka kesho?"

Mimi niliingia kutazama. Kuta zote zilikuwa zimepakwa rangi ya maziwa, mpaka chumba cha mama, mpaka ule ubao mwekundu. Dari jipya la jasi lilikuwa limepigwa chini ya lile la zamani, bila kushusha kitu. Nje, matundu yote yalikuwa yamejazwa saruji. Nikanusa. Kulikuwa na harufu ya rangi, na chini yake harufu nyingine, tamu, nzito, ya kukaa kwenye koo.

Nilimpigia fundi. "Uliziba saa ngapi?"

"Asubuhi. Mzee alikuwa ananiharakisha na maombi."

"Na popo?"

Nilisikia akitafuna. "Si tulifunika," akasema.

Nilimfuata mjomba nikamwambia watu wasiingizwe mle, maombi yafanyike uani. Alinisikiliza akifuta miwani yake. Kisha akasema kwamba mchungaji hawezi kuombea nyumba akiwa nje kama mkusanya kodi, na kwamba rangi mpya daima inanuka.

Jumamosi watu walijaa sebuleni. Walikuwa watu wema, nguo zao za kanisani, mikono imeoshwa, na wamama walikuwa wameleta mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwenye masufuria makubwa yaliyofunikwa kwa vitambaa. Waliyapanga mezani, chini ya taa, wakafunua ili chakula nacho kiombewe. Mama alikaa kiti cha mbele. Joto la watu lilipopanda ile harufu ikashuka kutoka juu kama blanketi lililolowa. Nikawaona watu wakiinusa. Nikawaona wakiamua kutoinusa. Mwanamke mmoja alipeleka leso puani akajifanya analia kwa furaha.

Mchungaji akasema tufumbe macho. Mimi sikufumba, kwa hiyo nililiona tundu la waya wa taa. Funza wa kwanza alitoka pale, akaning'inia, akaanguka kwenye mukimo. Akafuata mwingine. Mchungaji alikuwa anawashukuru waliojenga, na funza wakaendelea kuanguka, weupe, wanono, mmoja kwenye bega la mwanamke wa leso, ambaye alimpangusa bila kufumbua macho na kusema amina. Kisha tone la maji ya kahawia likatua mkononi mwa mama.

Mama aliupeleka mkono puani. Hakuwa na macho ya kutosha lakini pua yake ilikuwa nzima.

Maombi yalipokwisha mjomba alichukua kijiko, akachota pale juu palipokuwa pakicheza funza, akatupa dirishani, akasema kwa sauti kubwa, "Karibuni chakula!" Na wakala. Hilo ndilo ambalo hata leo linanipandisha matapishi: siyo funza, bali wale watu wazuri wakipokea sahani, wakitabasamu, wakila upande wa pembeni wa sufuria, ili mzee wa kanisa asiaibike.

Mama hakula. "Nipeleke nje," akaniambia.

Wageni walipoondoka nilimtaka fundi, aliyekuja naye kwenye maombi, apande ngazi afungue dari. Alikataa, kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka. "Nyumba imeombewa, baite. Nyundo haiingii tena. Hata wewe usijaribu." Mjomba naye akasimama mlangoni.

"Ukifungua," akasema, "watajua mchungaji aliombea nini."

"Wanajua, mjomba. Wamekula."

"Hakuna aliyesema kitu."

"Dada yako alitaka kulala hapa."

"Alale! Nani amemkataza? Baba alimkataza, mimi nimemfungulia, na kwa maombi!" Nikaelewa kwamba anamaanisha.

Nilimpita nikachukua mtaimbo nikaanza na chumba cha mama. Dari la jasi lilivunjika kama biskuti, na lile la zamani likaja nalo lote, na vyote vilivyokuwa juu yake vikaniangukia: kinyesi cha miaka, kikavu kama pilipili manga, na ndani yake popo, wameshikana mabunda, manyoya yanachomoka, funza wanawatembeza kana kwamba bado wako hai. Nilitapika, nikaendelea. Nilizoa kwa koleo. Nilimwaga maji, sabuni, dawa ya choo, kila kitu nilichoweza kununua sokoni Gakoromone, nikasugua mpaka vidole vikachubuka.

Jumatatu asubuhi nilimwongoza mama ndani. Hapakuwa na dari tena. Juu yalionekana makenchi ya babu, mbao zake mwenyewe, hakuna aliyezipaka rangi. Akasimama katikati ya chumba. Aligusa ukuta, akanusa vidole. Akageuza uso huku na huku, polepole.

Nilipasua kibanzi kutoka kwenye boriti nikamwekea mkononi. "Huu ni mtarakwa wenyewe, mama. Haujaguswa."

Alikinusa kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia.

"Kinanuka popo," akasema. "Nirudishe kwangu."

Hakutaka kulala hata usiku ule kwa mjomba. Tulifunga mizigo. Mjomba alimkumbatia dada yake, akampa ndizi za njiani na Biblia mpya, na wote wawili wakalia, na sina shaka kwamba walilia kweli. Gari lilipogeuka uani nilimwona fundi juu ya ngazi, ndani ya dirisha linalotazama mlima, amebeba ubao mpya mweupe kichwani na misumari mdomoni. Nyundo ilikuwa imeruhusiwa kuingia. Akaitoa misumari ili aweze kunipungia mkono na kuniita.

"Baite! Ukirudi hutaona hata alama!"

Sijarudi.